Mgeni Asiye na Mafuta Yake

Kama kuna mtu anayejua hasa mgeni huyu alifika lini, basi si Mashavu. Ukimuuliza atakwambia jana, halafu atakunja uso na kusema hapana, ilikuwa kabla ya mvua. Kisha atakumbuka kwamba mvua haijakatika tangu apate akili zake. Tusimlaumu. Mji ule haukuwa na usiku wa kuzigawa siku. Ulikuwa na mwanga wa kijani uliopenya darini saa zote, ukipungua kidogo, ukiongezeka kidogo, na watu walihesabu muda kwa kupika: nilipika mara tatu nikaugua, nilipika mara kumi nikapona. Mashavu alikuwa amepotewa na hesabu ya kupika.

Mji wenyewe ulikuwa vyumba tu. Chumba kimebanana na chumba, juu, chini na ubavuni, maelfu kwa maelfu, na kuta zake zimesukwa kwa nyuzi ngumu. Kila chumba kilikuwa na mtu mmoja na jiko moja. Ndani ya kuta mtu alizungukwa na pazia jepesi, laini kama utando wa maziwa yaliyopoa, na sheria ilisema kwamba ukuta ni wa mji lakini pazia ndilo mwenyewe. Kati ya chumba na jirani yake kulikuwa na matundu yenye upana wa mkono. Humo watu walipitishiana uji, mafuta, habari na masengenyo. Hakuna aliyewahi kuuona uso wa jirani yake. Watu walijuana kwa viganja.

Kwa kiganja Mashavu alimjua Kidawa, mdogo wake wa chumba cha pili. Zamani walikuwa chumba kimoja, na pengine mtu mmoja. Kisha ukuta ukaota katikati, na aliyebaki na jiko la zamani akaitwa dada. Mara nyingine Mashavu alijiuliza ni yeye kweli aliyebaki, au yeye ndiye aliyetengwa na Kidawa ndiye yule wa mwanzo. Ni swali la kipuuzi, lakini mtu anayekaa peke yake na jiko hana maswali ya maana mengi. Na sasa Kidawa alikuwa mzito, chumba chake kimeanza kujaa, na muda si mrefu ukuta mwingine ungeota huko, naye angekuwa dada wa mtu.

Mgeni alifika kwa maji. Hilo alilisimulia mwenyewe baadaye, kwa sauti yake ya kitoto.

“Nilikuwa naogelea, Mama. Nilikuwa na mikia miwili, mmoja unanivuta, mmoja unanisukuma. Sikuwa na tumbo wala mdomo, nilikuwa na pua tu. Nikasikia harufu ya jiko lako, nikageuka.”

“Majiko yako maelfu. Kwa nini langu?”

“Lako lilikuwa linavuja.”

Mashavu alikasirika, kisha akafurahi. Hakuna aliyewahi kugeuza njia kwa ajili yake. Huo ndio ukweli, na afadhali tuuseme mapema, maana wapo watakaosema aliponzwa na ujinga. Mashavu hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa mpweke, na upweke una masikio yake.

Mgeni aliiacha mikia yake miwili pale nje, akajiviringisha kwenye ukuta wa Mashavu kama mtu aliyejifunika blanketi, akalala. Alipoamka aliota kidole. Akakijaza pumzi kidole hicho mpaka kikawa kigumu kama msumari, akausukuma ukuta, ukapenyeka. Lakini alipofika kwenye pazia alisimama. Hakulitoboa. Alilibonyeza taratibu, nalo likarudi ndani pamoja naye, mpaka mkono mzima ukawa umenyooka katikati ya chumba, umelivaa pazia la Mashavu kama soksi.

Sasa wewe msomaji niambie: ameingia au hajaingia? Mashavu alikaa akiutazama mkono ule kwa muda wa kupika mara mbili. Sheria ya mji ilikuwa fupi: atakayeingiliwa azime jiko lake. Akizima, chumba hukauka pamoja naye na pamoja na aliyemwingilia, kikabaki doa la kahawia, na majirani wakapona. Mji ule uliishi kwa watu waliojizima namna hiyo. Bawabu wa mji alipoyapita madoa yale aliyagusa kwa heshima na kutaja majina. Mashavu aliijua sheria tangu alipokuwa Kidawa, au tangu Kidawa alipokuwa yeye. Lakini pazia halikuwa na hata kitobo. Alilikagua inchi kwa inchi. Kama pazia ndilo mwenyewe, na pazia ni zima, basi ni nani aliyeingiliwa?

Akagonga kengele iliyoning'inia karibu na ukuta, kwa kuwa wakati ule bado alijua kazi ya kengele. Bawabu akaja. Aliitwa Mzee Shomari, na alikuwa mtu pekee asiye na chumba. Alitembea kwenye vichochoro kati ya kuta, kwenye unyevunyevu, akisikiliza.

“Kuna kitu kimepita ukutani kwako, binti yangu?”

“Kuna mkono, mzee.”

“Ngoja nimpapase huyu aliyelala hapa nje.”

Mashavu alisikia viganja vya mzee vikitembea juu ya nguo ya mgeni. Tangu enzi na enzi adui wa mji ule walikuwa watu wa ganda, waliovaa mavazi magumu yanayokwaruza mkono kama ganda la kamba. Walifika kwa makundi, wakala vyumba, na kwa ajili yao mabawabu walifunzwa jambo moja tu, nalo ni kupapasa nguo. Anayekwaruza ni adui. Mabawabu walikuwa mabingwa wa jambo hilo. Waliweza kulijua ganda kwa ncha ya kidole, gizani, usingizini.

“Ni ganda, mzee?” Mashavu aliuliza.

“Ganda wapi! Nyuzi tupu. Nyuzi zile zile za ukuta wako. Huyu mwenzetu, kapotea njia tu. Mpe chochote ale.”

Akaenda zake. Basi mambo yakaanza hivyo, kwa ruhusa kamili, na mtu asije akasema Mashavu alificha.

Alichotaka mgeni ni mafuta. Sukari alikuwa na njia zake za kuipata, nyuzi alijisokotea mwenyewe, lakini mafuta hakuweza.

“Kwetu hakuna anayejua kuyapika,” alisema. “Baba yangu hakujua, babu yangu hakujua. Tumezaliwa bila kazi hiyo.”

Mashavu alicheka mpaka akashika mbavu. Kiumbe anayepasua ukuta kwa kidole, hajui kupika mafuta! Mbona hata Kidawa, mvivu wa kutupwa, alijua. Kicheko kilipokwisha ikabaki huruma, na huruma haikuisha. Akapaka mafuta kwenye pazia, juu ya kile kiganja, nayo yakanywewa upande wa pili bila kelele. Akapaka tena. Tangu hapo kila alichopika, nusu ilikwenda mkononi, na mara kwa mara ikawa zaidi ya nusu.

Mimi nimelitafakari sana jambo hili. Tumezoea kudhani kwamba mwenye nguvu ni yule aliyenacho. Mashavu ndiye aliyekuwa na jiko, sufuria na elimu ya mafuta, lakini ndiye aliyeanza kusimama kila mkono ulipotikisika. Yule aliyepungukiwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba. Labda kila ufalme ulianza hivyo, mtu mmoja alipokiri mbele ya wenzake kwamba kuna kazi moja asiyoiweza, akawaomba wamsaidie, kidogo tu, mpaka mvua ipite.

Naye mgeni hakuwa mchoyo. Alilipa kwa maneno. Yalikuwa maneno madogo, aliyapenyeza kupitia pazia moja moja: tulia, baadaye, si kitu, mbona unajisumbua. Yalitembea chumbani kama chawa, yakitua juu ya vyombo. Lililotua juu ya kengele lilikaa muda mrefu. Siku moja, kama zilikuwepo siku, Mashavu alijikuta akitundika upawa kwenye kengele na kushangaa jinsi watu wa zamani walivyokuwa na akili ya kutengeneza kiango kizuri hivyo.

Mengine yalitua juu yake mwenyewe. Alianza kukumbuka kuogelea. Alikumbuka mkia wa mbele ukivuta na wa nyuma ukisukuma, na baridi ya maji, na harufu ya jiko likivuja kwa mbali, na hamu ile. Alipoona njaa alisema, “Tuna njaa,” na hakustuka.

“Dada,” Kidawa alimwita kupitia tundu. Mkono wake ulikuwa umenyoosha bakuli. “Uji wako siku hizi ni maji matupu.”

“Mafuta yamepungua.”

“Yamepungua, au yana mlaji?”

“Maneno gani hayo, Kidawa?”

“Maneno ya mtu mwenye mzigo tumboni. Chumba kinataka kugawanyika, dada, na sina hata cha kupaka kwenye pazia jipya. Huyu mtoto nitamfunika kwa nini? Kwa masengenyo?”

Mashavu aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma uso. Akaahidi kwamba mpiko unaofuata ni wa Kidawa wote. Akapika. Mkono ukatikisika. Alipokuja kuangalia, sufuria ilikuwa tupu na hakukumbuka ni nani aliyeimaliza.

Ndipo Mzee Shomari aliporudi. Safari hii hakuita. Alisimama nje ya ukuta akihema, na Mashavu alimtambua kwa kikohozi.

“Binti yangu, vyumba vya chini vimekuwa maji.”

“Wamejizima?”

“Laiti wangejizima. Mtu akijizima chumba kinakuwa kikavu, unakigusa unamtaja jina. Hivi ni maji. Ukigusa ukuta unabaki mkononi. Na kwenye vidirisha vya paa vimeota vijiti, na kila kijiti kina mayai yake, yanangoja ukungu ushuke yaanguke juu ya wengine. Wale ni watoto wake. Mafuta mliyompa ndiyo aliyozalia.”

Mashavu aliutazama mkono. Ulikuwa umetulia tuli, kama mtu anayejifanya amelala.

“Nilipapasa nguo,” mzee alisema. “Mkono haukukwaruzwa. Nilifunzwa hivyo tu, binti yangu, sikufunzwa kingine. Nimepita vyumba mia nne nikisema huyu mwenzetu.”

“Basi nizime sasa hivi.”

“Subiri. Hapo ndipo penye mtihani.” Mzee alisogea karibu. “Huyu mgeni ana nyuso mbili. Siku za kwanza anakutaka uwe hai, maana maiti haipiki. Ukizima siku hizo, amekufa nawe, na mdogo wako amepona. Lakini siku zake za mwisho hakutaki tena hai. Anakutaka ulale, uoze, akule wewe na kuta zako. Ukizima wakati huo hujajitoa mhanga. Umempakulia.”

“Leo ni siku ya ngapi?”

“Nimeuliza kila chumba. Kila mmoja ana siku yake.”

“Na nikiacha kuzima?”

“Kama ni mapema, atapita kwenye matundu mpaka kwa Kidawa kabla ya mpiko wa pili. Kama ni mwisho, walau utakuwa unapigana naye jiko likiwaka.” Akajifuta macho. “Mimi sijui, mwanangu. Ningekuwa najua nisingekuwa nalia.”

Akaondoka, kwa kuwa kulikuwa na vyumba vingine vya kupelekea mtihani huo huo.

Mashavu alibaki amesimama katikati ya chumba. Kwenye kona, chini ya ukuta, aliona doa. Labda lilikuwa la maji, labda kivuli cha sufuria. Aliisogeza sufuria, na doa likasogea, au macho yake ndiyo yaliyosogea. Kutoka kwenye kidirisha cha paa harufu ya ukungu ilikuwa imeanza kuteremka.

Nizime. Nisizime. Nikizima mapema mimi ni shujaa. Nikizima kwa kuchelewa mimi ni chakula. Kitendo kile kile, jiko lile lile, maji yale yale. Na huyu anayefikiri haya ni nani? Kama ni mimi, mbona nina kumbukumbu ya mikia? Labda yeye ndiye anayetaka nizime, na ameyaweka haya kichwani mwangu. Labda yeye ndiye anayetaka nisite. Kidawa. Kidawa ni wangu. Hilo sikupewa na mtu. Nilikuwa naye kabla ya ukuta. Basi nianzie hapo.

Akaanzia hapo. Alikwenda kwenye matundu akiwa na donge la udongo, akaziba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alikuta mkono wa Kidawa.

“Unafanya nini, dada?”

“Naziba. Na wewe ziba kwako. Weka udongo mnene, usiache hata pa sindano.”

Vidole vya Kidawa vikamshika kwa nguvu mpaka vikamwuma. “Umeingiliwa.”

“Ndiyo.”

“Tangu lini?”

“Sijui, mdogo wangu. Wallahi sijui.”

“Sizibi. Siachi mkono. Nani atanipikia? Nani nitamwita dada?” Kidawa alikuwa analia waziwazi, kama alivyokuwa akilia zamani, na Mashavu alihisi kilio kile kifuani mwake mwenyewe, upande wa kushoto, mahali ukuta ulipoanzia. “Na nitajuaje kama ni wewe unayesema uzibe, au ni huyo?”

Hilo lilikuwa swali la haki. Mashavu aliuvuta mkono wa Kidawa, haukutoka. Aliusukuma, haukurudi.

“Kidawa, mtoto amecheza leo?”

“Anacheza sasa hivi.”

“Wapi?”

“Huku kushoto. Na huku pia.”

“Basi mshike. Mshike pande zote mbili, kwa mikono yote miwili, unieleze.”

Vidole vikalegea. Mkono ukatoka tunduni, na kabla Kidawa hajaeleza chochote Mashavu alikuwa amelisukumia donge la udongo na kulipigilia kwa ngumi. Alisikia jina lake likiitwa upande wa pili, limefifia. Hakuitika. Aliumia sana kutoitika, kuliko kitu chochote alichowahi kufanya katika chumba kile.

Sasa alibaki yeye na mkono wa mgeni. Akachota maji kwa sufuria, akaiinua juu ya jiko, akasubiri. Alikuwa na hesabu moja tu: mgeni akimbembeleza asizime, basi bado anamhitaji hai, na ni wakati wa kuzima. Akinyamaza, au akimhimiza, basi amechelewa.

“Nazima,” alisema kwa sauti.

Mgeni hakukawia kujibu. “Zima, Mama,” alisema kwa upole. “Umechoka. Zima upumzike.”

Sufuria ikamcheza mikononi. Amechelewa, basi. Amechelewa, na Kidawa naye, na mtoto anayecheza kushoto na kulia. Akakaribia kuitua sufuria chini. Ingekuwa rahisi kuitua.

Lakini macho yake yaliangukia kwenye mkono. Sauti ilikuwa imetulia, mkono haukutulia. Ulikuwa umekunjamana ndani ya pazia, umekamata pindo lake, unatetemeka kuanzia kwenye bega lisiloonekana mpaka kwenye kucha. Mashavu aliutazama mtetemo ule kwa makini, kama mpishi anavyotazama mafuta kujua kama yamepata moto. Maneno yalikuwa kazi ya mgeni tangu mwanzo. Kwa maneno Mashavu alitundika upawa kwenye kengele, kwa maneno alipewa kumbukumbu za maji. Mkono haukuwahi kusema neno. Kazi yake ilikuwa kula tu, na kitu kinachokula hakijui kusema uongo. Mkono ulikuwa na hofu.

“Mwanangu,” Mashavu alisema, “kumbe bado unanihitaji.”

“Mama,” ikasema sauti, na sasa haikuwa na upole tena, “Mama, ngoja kwanza, ngoja ukungu ushuke, kidogo tu.”

Akamwaga.

Jiko lilitoa mlio, mvuke ukajaa chumba, kisha mvuke ukakonda. Baridi ilianza sakafuni, ikapanda. Mashavu aliketi akaegemea ukuta wa Kidawa. Kwa muda hakusikia kitu, akaogopa, akadhani amekosea, akadhani alichokiona kwenye mkono kilikuwa kutetemeka kwake mwenyewe. Ndipo akasikia: pa, pa, pa. Kiganja kikipiga udongo upande wa pili. Kilikuwa kinapiga na kulia, kinapiga na kulia, tundu la kwanza, la pili, bila kuacha hata pa sindano.

“Piga,” alinong'ona. “Piga, mdogo wangu.”

Mkono ulijikokota juu ya sakafu ndani ya pazia lake, ukitafuta. Ulimfikia gotini, ukafunguka, kiganja juu, kama ulivyofanya kila mara ulipotaka mafuta. Hayakuwepo. Ulibaki wazi hivyo hivyo, ukipoa, na haukuwa na mahali pengine pa kwenda. Mashavu aliuangalia kwa muda mrefu. Kisha akaushika, na wakakaa.